Fomu Iliyorudi Kabla ya Saa Nane

Wasichana mnaokula kwangu hapa langoni mwa kiwanda cha nyaya za magari, hili nusura limpate binti yangu Phikul.

Ilikuwa mwezi wa tatu, kila mtu anapanga safari ya kijijini kwa mwaka mpya wetu wa mwezi wa nne. Nilikuwa natwanga papai bichi la saladi. Chanthip, anayefanya kazi meza moja na Phikul, akavuta kiti.

"Mama Lamduan, pilipili mbili tu. Naona mwaka huu Phikul ataingia kijijini anang'aa."

"Anang'aa na nini?"

"Mkufu wa dhahabu. Kwani hajakwambia? Asubuhi amepeleka fomu ya kujitoa kwenye mfuko wa uzeeni."

Mchi ukanigandia mkononi. Kila mwezi Phikul hukatwa kidogo kwenye mshahara, na kiwanda kinaongeza kiasi kilekile. Lakini fungu la kiwanda haliwi lako mpaka utimize miaka mitano. Phikul alibakiza miezi miwili.

Alipokuja kula sikumpa hata nafasi ya kunawa.

"Ukitoka leo unapata nusu. Nusu nyingine unawaachia."

"Si napata zangu, mama? Wenzangu washuke kwenye basi na dhahabu, mimi na shingo tupu? Unamjua shangazi na mdomo wake."

"Mwache aseme. Mimi niliuvaa mkufu wangu."

Hapo nikamwambia nililomficha. Nilipokuwa na umri wake, kiwanda hikihiki, nilijitoa nikanunua mkufu. Nilitamba nao siku tano. Mvua hazijaisha, ukawa kwenye duka la rehani, na sikuukomboa. Bunruan, niliyeanza naye kazi siku moja, hakujitoa. Alistaafu mwaka jana, anajenga nyumba. Mimi bado natwanga.

"Labda alikuwa na mshahara mkubwa."

"Sawa na wangu. Miaka kumi ya kwanza alikuwa akiiona karatasi yake ya mfuko anacheka, faida ya mwaka mzima hainunui gunia la mchele. Ila hakuigusa. Faida ikabaki mle, nayo ikaanza kuleta faida yake. Miaka ya mwisho, kilichoongezeka chenyewe kilizidi alichokatwa yeye na walichomwongezea wao. Ukitoa sasa utaanza upya, mwanangu, na miaka hairudi."

Phikul akaangalia simu. Saa saba na nusu.

"Faili la fomu linapelekwa kwenye mfuko saa nane," akasema, akaacha wali wake wa kunata akakimbia.

Nusu saa ile niliharibu sahani tatu. Moja nilitia sukari mara mbili, mteja akaila yote, labda aliuona uso wangu.

Phikul akarudi anahema, fomu mkononi.

"Dada wa ofisini kanicheka. Eti, 'Leo umekula kwa mama yako, eh?'"

Nikakaa juu ya ndoo.

Kijijini shangazi yake hakuchelewa. "Kiwanda gani hicho, miaka yote shingo tupu? Hakilipi?"

"Kinanilipa mara mbili, shangazi. Ila malipo ya pili hayavaliki shingoni."

Mwezi wa tano miaka ilitimia, na fungu la kiwanda ni lake. Sasa nalala vizuri. Fomu nimeibandika hapa juu ya chungu cha pilipili. Mwenye haraka ya kwenda ofisini apite kwanza kwangu aisome.