Fungu la Sijaona

Twahiru, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi, aliweza kufungua injini macho yamefumba, lakini kalamu ilimtoa jasho. Kwa hiyo wosia wake alimwandikisha bintiye Sijaona, aliyekuwa na miaka kumi na hati nzuri kuliko wote nyumbani.

Ulikuwa mwaka 2003, makombora yalikuwa yameangukia mji wiki iliyotangulia. Kila Ijumaa Sheikh Mohamadi aliwahimiza watu waandike wosia mapema, maana alikuwa amechoka kuamua ugomvi wa mayatima. Siku hiyo alikuja mwenyewe kuikagua karatasi ya Twahiru. Akasoma: nyumba iwe ya mke wangu Raihana na wanangu Huseni, Khaled na Sijaona. Akacheka.

"Twahiru, umeandika bure. Bibi na watoto wa damu, Mungu alisha kuwapimia. Wosia iko ya mutu asiyerithi. Huyo unaweza kumupa mpaka theluthi, lakini lazima umutaje."

"Na kama sikumutaja?"

"Ndugu zako watamutoa inje, na mi sitaweza kuwazuia."

Twahiru akamtazama Sijaona. Mwaka 1993, walipokuwa wakikaa mtaa wa Kinama, jirani yao Consolate aliuawa katika machafuko akaacha kichanga cha siku tisa. Yeye na Raihana walikimbia nacho hadi Buyenzi, wakakiita Sijaona, wakasema ni chao. Sheikh hakujua, wala mtoto hakujua. Lakini kaka zake Twahiru walijua, na Twahiru aliwajua kaka zake.

Afanyeje, maskini? Akimtaja, anamkana kwa mdomo wake mwenyewe. Asipomtaja, anamwacha barabarani. Angoje? Jirani wa nyumba ya tatu alisema atangoja kidogo, akazikwa Jumatatu. Twahiru alimtazama Raihana apate msaada. Raihana aliinamia sinia lake la mchele, akachambua mawe yasiyokuwepo.

"Andika," Twahiru akasema, hata yeye akaishangaa sauti yake. "Theluthi ya nyumba nampa Sijaona."

Mtoto akainua uso.

"Baba, si Sheikh amesema watoto hawaandikwi?"

Machozi yakamtoka Twahiru.

"Andika tu, mama."

Sijaona akaandika mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaisukuma karatasi mbele ya baba yake.

"Sasa mi niko mutoto wa nani?"