Vita Baridi vya Fereej Bin Mahmoud

Kawira alikuwa mkuu wa mizaha katika bweni lake huko Meru, cheo ambacho shule haikukitambua. Likizo ya Agosti alikwenda Doha kwa mama yake, muuguzi, katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, akamkuta babu yake Silvesta, mwenye miaka themanini na mbili, akiendelea kupigana Vita Baridi peke yake kwenye kochi.

Mwaka 1962 Silvesta alipelekwa kusoma Moscow, mdogo wake Arnold akapelekwa Marekani. Arnold hakurudi. Alituma picha moja: yeye, tai shingoni, ameegemea friji ndefu kuliko yeye, na nyuma ameandika, "Huko kwenu zipo?" Dola la Kisovieti likasambaratika, Silvesta bado hajajibu.

Sasa Arnold alikuwa akipitia Doha kwa saa sita, akienda kuagana na nyumbani. Babu alinunua shati jipya, akalipiga pasi mwenyewe.

Ujumbe wa Arnold ulipoingia kwenye simu ya babu, Kawira ndiye aliyeusoma, maana babu alikuwa na mtoto wa jicho. "Nafika saa nane mchana. Njoo tuonane, kaka." Hapo shetani wa bwenini akamtekenya. Kwa sauti ya kutangaza msiba akaongeza: "Nimebadilisha friji mara tisa. Nyinyi mlishinda nini?"

Alitarajia makombora. Babu alivua miwani tu.

"Mwambie nina homa."

"Babu, hiyo nimeongeza mimi."

"Usimfichie, mjukuu wangu. Namjua. Hayo ni maneno yake hasa."

Kawira aliusoma ujumbe upya mara tatu, akaapa kwa Biblia. Kadiri alivyoapa ndivyo babu alivyomhurumia.

Mama alikuwa zamu, basi Kawira akaenda uwanja wa ndege peke yake. Mzee Arnold alisimama penye lango la wanaowasili, akichungulia nyuma ya Kawira kumtafuta mwingine. Wakapiga simu nyumbani mara nne. Haikupokewa.

"Ni ile friji," Arnold akasema. "Mwambie haikuwa yangu. Nilikuwa nafagia duka lililoiuza. Tai niliazima kwa muuzaji."

"Miaka yote hii hukumwambia, Babu?"

"Ningeanzia wapi?"

Ndege ilipokwisha kuondoka, Kawira alimfikishia babu maneno hayo neno kwa neno, bila kuongeza hata nukta. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akampapasa kichwa.

"Unatunga vizuri," akasema. "Una huruma kama bibi yako."

Kawira akaenda jikoni kumchemshia chai, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitamani kuaminiwa.