Ifute Yote, Ndani na Nje

Rosa alikuwa haamini kwamba kitu kinaweza kufa bila kuumwa. Mtu huumwa, mbuzi huumwa, hata mchicha huanza na madoa kwanza. Lakini kompyuta ya marehemu binti yake ilizimwa siku ya msiba ikiwa nzima kabisa, ikafunikwa kitenge, na miezi mitano baadaye alipoiwasha ikapiga mlio mara tatu, kioo kikabaki cheusi. Akazima, akawasha. Ti, ti, ti. Akaisemesha kabisa, "We, usinifanyie hivyo." Ti, ti, ti.

Binti yake aliitwa Prisca. Alikuwa karani wa kupiga chapa kwenye kiwanda kimoja pale Morogoro mjini, mpaka serikali ilipokiuza kwa mwekezaji na mwekezaji akaona makarani wamezidi. Wenzake waliondoka na barua ya shukrani. Prisca, kwa kuwa alikuwa na mdomo, aliondoka na barua na kompyuta juu yake, eti kifuta jasho. Akaja nayo kwenye mkokoteni hadi kwa mama yake, kule Bigwa, mtoto mgongoni, anacheka. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshaanza kutanuka. Ndivyo daktari alivyosema, moyo umetanuka, na Rosa akashangaa tangu lini mtu akaugua kwa kuwa na moyo mkubwa.

Prisca alipojua kwamba haponi, hakulia mbele ya watu. Alitafuta kipaza sauti kidogo, akakichomeka kwenye kompyuta, na mchana baada ya mchana akakaa pale akizungumza na mwanawe Faraja wa miaka ijayo. Faraja mwenyewe alikuwa uani anakimbiza kuku. Prisca alimweleza baba yake alikuwa nani na kwa nini walimwita Faraja. Alimweleza yale ambayo msichana huelezwa na mama yake akikua, ili asije kuyasikia kwa wahuni. Alimwimbia. Kisha akamwita Rosa, akamfundisha: bonyeza hapa, halafu hapa, mara mbili, haraka haraka. Rosa akafanya mazoezi, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Akifikisha miaka minne, mama, anza kumsikilizisha kidogo kidogo," Prisca alisema. "Asije akaisahau sauti yangu."

"Naapa, mwanangu."

Sasa Faraja alikuwa amefikisha minne, na siku moja aliulizwa na jirani mama yake yuko wapi, akaonyesha picha ya Bikira Maria ukutani. Rosa aliposikia hivyo hakulala. Asubuhi akaifunga ile mashine kwenye kitenge, akaipeleka mjini.

Fundi aliitwa Amosi, kijana mpole mwenye miwani, mtu wa Singida, ana kibanda chake nyuma ya soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa huyu. Alikuwa wa marehemu binti yangu, hataki kuamka."

Amosi akampa pole, akafungua lile sanduku la bati. Lo! Rosa alitamani kujifunika uso. Ndani kulikuwa na vumbi kama jiko lisilofagiwa mwaka mzima, utando wa buibui, mavi ya panya, na mende mmoja mkavu amelala chali. Yeye, Rosa, ambaye jumuiya nzima ya Bigwa inamjua kwa usafi! Akaanza kujieleza, mara sijui upepo, mara sijui barabara ya vumbi, na fundi anasema haina neno mama, zote ziko hivyo.

"Una kazi zozote humo ndani?" Amosi akauliza.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda, na wala hakuna aliyeona. Fundi aliposema kazi alimaanisha maandishi, barua, chochote kilichohifadhiwa. Ndivyo mafundi wanavyosema. Rosa akacheka. "Mimi? Mimi nalima mboga, mwanangu. Nina kazi gani humo?" Habari za sauti hakuzitaja. Ni maneno ya mama na mwanawe. Utaanzaje kumsimulia kijana wa watu usiyemjua, mbele ya wateja? Na kwa akili yake Rosa, mashine ikiamka, itazungumza. Redio ikipona si inazungumza?

Amosi akachomoa kijikadi kirefu chenye meno ya rangi ya dhahabu, akachukua raba ya kufutia penseli, kama hii ya wanafunzi, akaanza kusugua yale meno. Akafuta, akapuliza, akafuta tena, akakirudisha. Akawasha. Ti, mara moja tu, na kioo kikaangaza! Rosa akapiga kigelegele, watu wakageuka. Haukupita muda ikazima tena, maana kifaa cha kuingizia umeme nacho kilikuwa kimechoka, lakini Rosa alikuwa ameshaona kwa macho yake mawili ugonjwa ni nini na dawa ni nini. Ugonjwa ni uchafu. Dawa ni kufuta.

Jumatano akaletewa habari: kifaa kimebadilishwa, kompyuta inawaka, haizimi. Rosa akapiga magoti akashukuru. Kaka yake Dominiko alikuwa anashuka kutoka Kinole Jumapili, na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kumfanyia mchezo. Mtoto wa dada yako ni wako. Rosa alitaka Dominiko akifika naye aisikie sauti ya Prisca. Lakini Dominiko ana macho ya kuchunguza. Atafungua, atachungulia, atasema dada, hivi ndivyo ulivyotunza mali ya marehemu? Kwa hiyo Rosa akachana karatasi kwenye daftari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, akampa jirani yake Asha aliyekuwa anapeleka bamia sokoni:

*Ndugu fundi Amosi. Nashukuru sana. Kabla sijaja kuichukua naomba uifute yote, ndani na nje, kisibaki kitu. Ndugu wa marehemu wanakuja kuiangalia na sitaki aibu. Ni mimi mama Prisca.*

Hebu isome tena, halafu jiweke kwenye miwani ya Amosi.

Jumamosi Rosa alimvalisha Faraja gauni la Pasaka, akampaka mafuta mpaka miguu ikang'aa. Njia nzima kutoka Bigwa anamwambia leo utamsikia mama. Mtoto anauliza atasema nini? Atakwambia mwenyewe. Atasema Faraja? Atasema.

Kompyuta ilikuwa mezani, safi, imeng'arishwa kwa spiriti. Amosi akaiwasha kwa madaha kidogo, na mara kwaya ikalipuka, nyimbo za kanisani, moja baada ya nyingine. Alikuwa ameona rozari shingoni mwa Rosa, akamjazia nyimbo mpaka diski ikakaribia kufurika. Zawadi yake, alisema. Kumpa pole.

"Ahsante, baba," Rosa akasema. "Izime kwaya kidogo."

Akavuta kiti, akampakata Faraja. Bonyeza hapa. Halafu hapa. Lakini pale palipokuwa na hapa ya pili hapakuwa na kitu. Akarudia. Akamgeukia fundi akitabasamu, maana aliona ni yeye anayekosea. "Mwanangu, sauti ya Prisca umeihamishia wapi?"

"Sauti gani, mama?"

Jamani. Kuna maswali mtu akiyasikia tu anajua jibu. Rosa alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa kijana ulivyozidi kupauka. Alipomaliza, Amosi aligeukia meza yake. Alifungua droo, akatoa karatasi ya daftari, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Nilisema vumbi!" Rosa akapiga kelele. "Nilisema ufute vumbi! Mende! Mavi ya panya! Nani alikwambia umfute mwanangu?"

"Mama, nilidhani kuna siri za marehemu. Watu huniletea, wananiambia futa kabla ndugu hawajaona. Umeandika ndani na nje, kisibaki kitu. Nikaona huyu mama anamsitiri mtoto wake."

Rosa akaichukua ile karatasi ili amwonyeshe pale alipoandika vumbi. Akatafuta mstari wa kwanza. Akatafuta wa pili. Vumbi halikuandikwa popote. Lilikuwa kichwani mwake tu. Mwandiko ulikuwa wake, na "kisibaki kitu" alikuwa ameipigia mstari kwa mkono wake. Hasira ikamtoka yote kwa mpigo, na kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko hasira. Alitaka sana awe na mtu wa kumchukia, na mtu huyo hakuwepo.

"Nimemuua mara ya pili," akasema.

"Usiseme hivyo, mama. Kitu kikifutwa hakiondoki mara moja. Kinabaki chini, mpaka kingine kiandikwe juu yake." Kisha Amosi akakumbuka zile nyimbo, zile zawadi, akavua miwani, akashika macho. Maana kwaya nzima ilikuwa imeandikwa juu ya Prisca.

Alifunga kibanda siku nne. Aliichomoa diski akaiunga kwenye mashine yake, akaweka programu ya kufufua mafaili, akawa anaangalia namba zikipita. Wateja walipogonga aliwaambia nina mgonjwa mahututi. Jumapili Dominiko alishuka kutoka Kinole, akaambiwa yote, na yule mtu wa macho makali hakuchungulia chochote. Alikaa kwenye kigoda uani na kofia mkononi mpaka saa ya kurudi. Asha alikuja kulia, eti ni yeye aliyeipeleka ile karatasi. Rosa alikwenda mjini kila asubuhi na mtoto, akakaa kwenye benchi la fundi, anasali. Mwanzo aliomba zote zirudi. Siku ya pili aliomba nusu. Siku ya tatu akaomba sehemu moja tu, ile anayotaja jina la mtoto, ee Mungu wangu, hiyo tu, nyingine baki nazo.

Siku ya nne Amosi alimwita. Macho yalikuwa mekundu.

"Yamerudi mafaili ishirini na saba, mama. Ishirini na sita ni mikwaruzo mitupu. Nimeyajaribu kwa kila njia." Akagusa kioo kwa kidole. "Moja limepona. Ni fupi, sekunde kumi na moja. Nadhani alikuwa anajaribu kipaza sauti. Jina la mtoto halimo. Sijui kama utapenda kulisikia."

Rosa akatikisa kichwa kwamba ndiyo, huku machozi yameshamwanza. Faraja akapanda kwenye benchi, akashika meza. Amosi akabonyeza.

Kukasikika kelele za masufuria, kwang', kwang', na nyuma yake mwanamke anaimba ovyo. Rosa akajitambua. Ni yeye, jikoni, anaosha vyombo, hana habari. Kisha karibu kabisa, pumzi fupi za mtu mwenye moyo mgonjwa, na sauti ya Prisca yenyewe, ile ile, yenye kicheko ndani yake:

"Moja, mbili. Moja, mbili. Aa, mama! Nyamaza basi, mama yangu. Nyamaza."

Ikakatika. Rosa akaangua kilio, kilio ambacho hakulia hata siku ya kaburi, akalala kifudifudi juu ya meza ya fundi kati ya misumari na nyaya. Amosi akasimama nyuma yake, hajui aweke wapi mikono.

Faraja aliangalia kile kioo, akamwangalia bibi yake, akamvuta kitenge.

"Bibi," akasema. "Bibi, mama kasema unyamaze."