Kanga wa Jibu la Posa

Kwa kina Bakiri jibu la posa halitolewi kinywa kikavu. Mzee wa upande wa binti huingia porini akaita kanga kwa mdomo wake mwenyewe, akawanasa wakiwa hai, akawachinja. Ndege wakishaliwa ndipo mposaji anaambiwa ndiyo au hapana. Kwao Handeni shughuli hiyo humalizika asubuhi moja. Hapa Johannesburg ilikuwa imemla Karimu majira yote ya baridi, na bado hakuwa na mke wala mchuzi.

Mzee Bakiri alikuwa baba mkubwa wa Shufaa, na tangu baba yake Shufaa afariki, yeye ndiye aliyekuwa walii wake. Asipokubali yeye, hakuna ndoa. Alikuwa mlinzi wa ploti ya mzungu mmoja nje ya Diepsloot, na mwenye ploti alimruhusu kunasa kanga kwa sababu walikuwa wakimfukulia mbegu. Kwa hiyo kila Jumapili Karimu, fundi simu wa katikati ya jiji, alidamka, akapanda teksi mbili, akaenda kulala kifudifudi kwenye nyasi zilizoganda kwa baridi ubavuni mwa mzee. Mchana alirudi mikono mitupu, magoti yamelowa, akiwa amenuna.

Kazi yenyewe si ngumu. Unalishtua kundi litawanyike, unatega wavu kwenye njia yao, unajificha na kamba mkononi. Kanga hapendi kukaa peke yake, haichukui muda ataanza kutafuta wenzake. Hapo ndipo unapoita kama aitavyo jike, sauti mbili, ya kwanza fupi, ya pili inapanda. Halafu unanyamaza. Siku ya kwanza kabisa mzee alimwonya Karimu kwa kidole: "Kanga akijibu, funga mdomo. Mwache amalize. Ukimdakia maneno, anajua wewe si mwenzake, na hapo umeshamkosa."

Maneno mazuri kabisa. Tatizo ni kwamba Mzee Bakiri alikuwa hasikii.

Si kwamba alikuwa kiziwi wa kupindukia. Ukimwita kwa nguvu aligeuka, na honi ya lori aliisikia kama mtu mwingine yeyote. Ila sauti nyembamba za mbali zilikuwa zimempotea, na hata maneno ya karibu yalimfikia tu yakipazwa au yakisemewa sikioni. Alipoita, kanga walimjibu vizuri tu kutoka kwenye mikaratusi. Yeye akasikia kimya, akaita tena juu ya jibu lao. Kanga wakanyamaza, wakaenda zao. Kisha mzee akamgeukia Karimu. Jumapili moja koti la Karimu lilinuka sabuni. Jumapili nyingine alipumua kama ng'ombe. Mara viatu vyake, mara mawazo yake, eti kanga wanayasikia mawazo ya mtu mwenye haraka.

Karimu alikwenda kumlalamikia Shufaa kwenye saluni ya Braamfontein alikokuwa akisuka. Shufaa hakuonyesha hata kushangaa.

"Unadhani hatujui?" alisema. "Nyumbani sote tunapiga kelele kama tuko mnadani. Yeye anaona sisi ndio tusio na adabu."

"Sasa mbona hamumwambii?"

"Nani amwambie? Yule aliyeniposa kabla yako alimwambia tu robot, taa ya barabarani, imeshakuwa ya kijani, mzee mbona huendi. Alishushwa kwenye gari pale pale. Eish, Karimu, vumilia. Iko siku kanga watakuja wenyewe."

Karimu alivumilia. Uvumilivu wenyewe ulishaanza kumwasha mwilini. Usiku alipojinyoosha kitandani alikuwa bado akiwasikia wale kanga wakijibu, na juu yao ile sauti ya mzee ikiwakatiza.

Halafu Jumapili hii, wakiwa bado kwenye chai, Mzee Bakiri aliweka kikombe chini akasema, "Leo ndiyo mwisho. Nimeita kanga tangu sijaota ndevu, sijapata kurudi mtupu namna hii. Wasipokuja leo, basi nuksi ni yako, na mwanangu simpi mtu mwenye nuksi."

"Ndiyo, baba," Karimu alijibu kwa sauti kubwa, maana mposaji hana jibu jingine. Lakini moyoni alichemka. Yaani masikio yawe ya mzee, nuksi iwe yake!

Wakalishtua kundi karibu na bwawa, likaruka na kutawanyika huku na huku. Wakatega wavu, wakajilaza nyuma ya kichuguu. Jua lilikuwa limeshatoka ila halikuwa na faida yoyote. Mzee alikunja ngumi mbele ya mdomo, akaita. Aliita vizuri, hilo lazima lisemwe. Hata Karimu mwenyewe angedhani ni ndege.

Kanga mmoja akajibu kutoka mikaratusini. Mzee akaita juu yake. Kimya.

Baada ya muda, mwingine akajibu, karibu zaidi, upande wa kulia. Mzee akaita juu yake tena. Karimu aliuma mkono wa koti. Alijaribu kukohoa kidogo, mzee akamkata jicho. Alijaribu kumgusa kiwiko, mzee akautoa mkono wake kama anayefukuza inzi.

Kanga wa tatu alijibu kutoka kwenye nyasi za pale pale mbele yao, karibu kiasi kwamba Karimu alisikia miguu yake ikikanyaga majani makavu. Nyuma yake walikuwa wengine. Walikuwa wanakuja. Shufaa alikuwa anakuja pamoja nao, ndivyo alivyoona Karimu, na pembeni yake mzee alikuwa anavuta pumzi, anapeleka ngumi mdomoni aite tena.

Karimu alimziba mdomo kwa kiganja.

Mtu hamzibi mkwewe mdomo. Karimu alilijua hilo mkono ukiwa bado njiani, na hakuurudisha. Alihisi ndevu za mzee kwenye vidole na pumzi yake ya moto. Mzee alimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo Karimu hakujua anazo, akamtolea macho ya mtu anayetaka kuua.

Halafu kanga wakatokea kwenye nyasi, wamefuatana, vichwa juu, midomo ikifunguka na kufungika. Mzee aliwaona. Alikaza macho kwenye midomo ile. Taratibu mkono wake ukamwachia Karimu, ukashika kamba, ukavuta, na wavu ukaanguka.

Alichinja bila kusema lolote zaidi ya bismillahi. Aliwaelekeza kibla mmoja mmoja, akasafisha kisu kwenye nyasi, akakaa chini. Karimu alibaki amesimama, akingoja kufukuzwa.

"Walikuwa wanajibu," mzee alisema.

"Ndiyo, baba," Karimu alipaza sauti.

"Tangu Jumapili ya kwanza?"

Karimu aliinama hadi sikioni mwake ili asilazimike kupaza sauti. "Tangu ya kwanza."

"Na nyumbani wanajua?"

Karimu alitamani kusema hawajui. "Wanajua wote."

Mzee alitazama mikaratusi kwa muda mrefu. Karimu alitegemea matusi, na angeyapokea kwa furaha. Matusi hayakuja. Uso wa mzee ulikuwa wa mtu anayerudi nyuma chumba kwa chumba, akikumbuka kila kicheko kilichokatika alipoingia. Karimu aliona haya, tena akakasirika kwa sababu anaona haya, maana yeye alikuja kuoa tu.

"Mwanangu nimekupa," mzee alisema mwishowe. "Waambie wenu waje. Hilo limekwisha, hata kabla ya kula." Kisha akakunja uso. "Lakini siku ya ndoa mimi ndiye nitakayekushika mkono. Mimi nitasema nimekuozesha, na wewe utasema umekubali. Na mimi ndiye ninayetakiwa kukusikia."

"Nitasema kwa nguvu, baba," Karimu alimwambia sikioni.

"Sitaki kupigiwa kelele mbele ya watu kama mwendawazimu." Alinyoosha mkono wake wa kulia, ungali na damu ya kanga kwenye kucha. "Keti hapa. Sema kama utakavyosema siku hiyo. Sauti yako ya kawaida."

Karimu alikaa, akaupokea mkono. Ulikuwa wa baridi. Upepo ulivuma kidogo kwenye nyasi, na mbali huko barabarani teksi ilikuwa inapiga honi.

"Nimekubali kumuoa," alisema, kwa sauti yake ya kawaida, ameinamisha uso kama bwana harusi.

Mzee Bakiri aliendelea kumtazama, amemshika mkono sawasawa, ameinamisha kichwa kidogo.

"Haya, sema basi," alisema. "Nakungoja wewe."