Pamba Yenye Maji

Nyumbani kwa Jean-Pierre, huko Schaerbeek, Ulaya, ukuta mzima wa sebule ulikuwa wa marubani wa jeshi la Ujerumani wa Vita vya Pili. Kila picha ilikuwa na saini. Baadhi yao walimjibu kwa posta wakiwa wazee. Wengine aliwapata mnadani. Kufikia mwaka 2009 wengi walikuwa wamekufa na saini za kughushi zilikuwa zimezidi. Kwa hiyo hakutundika picha kabla ya kuipima: alilowesha ncha ya pamba, akagusa mkia wa saini. Iliyochapwa kwa mashine haisogei. Wino wa mkono huacha rangi kidogo.

Alisema anaheshimu nidhamu yao. Mabomu yao hakuyazungumzia. Lakini Doudou, mdogo wa mkewe, aliyepotea vitani Kongo tangu 1998, Jean-Pierre hakumheshimu hata kidogo.

"Ule hakukuwaka pilote," alimwambia mkewe, Yolande, kila Doudou alipotajwa. "Alikuwa anabebaka essence, mafuta ya ndeke."

Jumapili moja Marie-Jeanne, jirani yao wa zamani, alifika kutoka Lubumbashi na bahasha aliyoitunza tangu kabla Doudou hajapotea. Ndani yake mlikuwa na picha: Doudou amesimama kando ya ndege, amevaa sare ya urubani, kofia kwapani. Chini alikuwa amemwandikia dada yake mkubwa kwa wino wa buluu: "Kwa yaya Yolande. Sasa ninaendesha ndeke." Kisha saini.

Yolande hakuketi. Alimwonyesha mumewe. "Baba Hadassa, ona. Soma."

"Bon. Kuvaa, kila muntu anaweza kuvaa. Na kuandika vilevile."

"Papa, mi njo nilikuwa pale wakati anaandika," alisema Marie-Jeanne.

"Tutapima."

"Usiiguse!" alisema Yolande.

"Kama ni ya kweli, nitaiweka pale juu, katikati ya ba-majors. Unaogopa nini?"

Miaka yote hiyo Yolande alitaka kusikia hivyo tu. Akampa.

Jean-Pierre aligusa mkia wa saini kama kawaida. Lakini picha za Wajerumani zilikuwa za karatasi isiyong'aa, yenye kunyonya wino. Hii iling'aa, na wino ulikuwa umekaa juu tu. Ulianza kutambaa. Alipoufuta kwa kitambaa, uliondoka na jina, kisha na maneno.

"Ni ya kweli," alisema. "Alikuwa pilote."

Akamshusha meja mmoja ukutani ili kupata nafasi.

"Rudisha muzungu yako," Yolande alisema, akaichukua picha. Akamgeukia Marie-Jeanne. "Kuko ingine?"

"Hapana, yaya. Ilikuwa ile tu."

Jean-Pierre alikuwa bado anaeleza tofauti ya karatasi.