Saa ya Njia ya Tatu

Nilipomkuta Shitanda ameanika pedi zetu kwenye turubai, kando ya mahindi yake, sikukasirika. Pedi hizo ni mabamba yanayoning'inizwa kwenye ukuta wa bwawa, moja kwa kila njia. Mwogeleaji akigusa yake, namba ya muda wake inayokimbia kwenye ubao inasimama. Sisi tulizipata zikiwa zimeshatumika kwingine, kwa hiyo tunazitunza kama mayai: tunazisuuza kuondoa dawa ya bwawa na kuzikausha kabla mvua ya alasiri haijatukuta. Shitanda, mtunza bwawa wa shule yetu, hukausha vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsifu, tena mbele ya watu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Safari hii, ili upepo usiipeperushe, alikuwa ameiwekea mawe juu ile ya njia ya tatu, kama kila mtu huku anavyofanyia turubai la mahindi. Nilipoiunganisha na mtambo wa kuhesabu muda, namba ya tatu ikakataa kuanza. Mawe yalikuwa yamebana mabati ya ndani yakagusana, na mtambo ukadhani mtu ameshafika.

"Mawe, Shitanda! Hii ni pedi, si mahindi!"

"Lakini Madam, si uliona vile upepo ya jana ilikuwa?"

Nilitamani kumtosa majini na gambuti zake. Gala, mashindano yetu ya kuogelea, ilikuwa kesho yake. Madam Beverly wa chama cha uogeleaji alikuwa njiani kuja kukagua, na alishasema njia moja ikikosa kuhesabu, gala inahamia Kisumu. Kila mwaka ni sisi tu tunaosafiri. Wanafunzi wangu hufika wametapika njiani, wakaogelea bila mzazi hata mmoja wa kuwapigia makofi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wangu hawajawahi kucheza kwao. Nililitaka jambo hilo hadi likaniuma kifuani.

Pedi mpya ilikuwa ndoto. Shitanda akaleta kisu, mimi nikaleta chuma cha kuchomelea waya kutoka maabara. Tulipofungua ukingo wa pedi, tulikuta mabati yaliyobonyea ni mawili ya juu, palepale mikono inapogusa. Tukayakatia waya yakafa, tukaziba kwa gundi ya pancha na mpira wa tyubu ya baiskeli. Namba ikaamka. Ila sasa mtoto angegusa sehemu iliyokufa, na namba isingesimama.

"Tuigeuze," nikasema. "Juu iwe chini."

Waya wake haukufika tena kwenye mtambo, tukaurefusha kwa waya wa redio mbovu ya Shitanda. Hakulalamika. Alijua kosa ni lake.

Madam Beverly alibonyeza pedi zote kwa kiganja, na namba zote zikatii. Tulimweleza ukweli kuhusu ile ya tatu.

"Na huku chini nani atagusa?" akauliza.

"Hapo hapaguswangi na mtu, Madam," Shitanda akajibu. "Labda chura."

Madam Beverly akacheka, akatuachia gala yetu.

Kesho yake ukingo wa bwawa ulijaa wazazi. Ayuma, mama anayepalilia miwa huko Musanda, hakuwa amewahi kumwona bintiye Shantel akiogelea. Wakiwa wamevaa kofia na miwani, watoto wote hufanana, kwa hiyo nilimwambia atazame namba ya tatu. Ikisimama, mtoto wake amefika.

Mbio zikaanza. Namba moja ikasimama, ya pili, halafu nyingine, hadi zote zikatulia isipokuwa ya tatu. Ya tatu ilizidi kukimbia.

"Shitanda, mawe yako!" nikapiga kelele. "Umetumaliza!"

Akanishika bega, akanigeuza nitazame majini. Shantel alikuwa bado anakuja, peke yake katika bwawa zima, taratibu kama anayevuka mto na mzigo kichwani. Katika hasira zangu nilikuwa nimesahau kumtafuta mtoto.

Akagusa. Namba ikasimama.

Ayuma alipiga kigelegele kana kwamba binti yake ameshinda, na uwanja mzima ukamfuata. Nililia bila aibu. Kisha akaja, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwalimu," akasema, "mimi najua saa hazingojangi mtu. Hii yenu imengojea mtoto wangu."