Injini ya Shangazi Haitoki

Mkunga alikuwa amekalia kigoda mbele ya gari lake, ndoano ya mnyororo wa kunyanyulia injini ameilaza mapajani. Injini haitoki hapa leo, alishasema, na gereji nzima ilishasikia.

"Shangazi, nipe ndoano," alisema fundi mkuu mwenye gereji, mtoto wa kaka yake. "Unanichelewesha. Injini nyingine iko njiani."

"Irudi ilikotoka."

Mafundi wengine wakajifanya wanatafuta spana. Bosi wao akishasema jambo limekwisha, limekwisha. Lakini mama huyu naye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwaambia watu wasukume, na watu wakasukuma. Sasa hapo nani amwamuru nani?

Ugonjwa wa gari ulikuwa huu: kwenye tambarare linakwenda ila linabugia petroli, na likifika mlimani linakata pumzi. Na juu ya mlima ndiko waliko wajawazito wake, maana kustaafu kwake kulikuwa kwa karatasi tu. Wiki iliyopita alifika akakuta mtoto ameshazaliwa, mama mtu peke yake chumbani, anatetemeka. Jambo hilo lilikuwa bado linamuuma.

"Hizi injini za valvu za kujigeuzageuza ni usumbufu mtupu," fundi alisema. "Nakuwekea ya zamani, haina mambo mengi."

"Hayo mambo mengi ndiyo niliyoyanunua." Akafungua kitabu cha gari, kurasa zimekunjwa pembe. "Mwenye uchungu anapumua namna moja tangu mwanzo hadi mwisho? Akitulia ana pumzi yake, akisukuma ana nyingine. Nikimlazimisha moja, atachoka bure. Injini yangu ni vivyo hivyo. Ikitembea taratibu, valvu, vile vilango vya hewa, zina wakati wake wa kufunguka. Ikipanda mlima, zinawahi kufunguka na kuwahi kujifunga, hewa iliyoingia hairudi nje, na petroli haipotei bure. Kinachozigeuza ni oili. Yangu imeganda kwenye pumzi moja. Kwa nini?"

"Imechoka."

"Umeangalia?"

Fundi hakuwa ameangalia, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Siku uliyozaliwa hukulia," shangazi akasema, wala hakupunguza sauti. "Wenzangu walishakufunika kitambaa. Mimi sifuniki kitu sijakiangalia. Nilikufunua."

Fundi akavua kofia, akaivaa tena. Kuumbuliwa mbele ya watu wako si mchezo. Lakini akachukua spana, akafungua kidude cha umeme kinachopitisha oili kwenda kwenye valvu, kisha akachomoa kichujio chake, kidogo kama kifuniko cha kalamu. Akakiinua juani. Kilikuwa cheusi tii, kimeziba kwa tope la oili, mwanga haupiti hata chembe.

Akakiosha mwenyewe. Hakumpa mtu.

"Kitabu kinataka oili nyepesi, ya kupita upesi hapo," shangazi akasema. "Humu imo ipi?"

Gereji ile ilikuwa na pipa moja tu, la oili nzito ya malori, na kila gari lililoingia lilinyweshwa hiyo hiyo. Nzito ndiyo inayolinda injini, ndivyo bosi alivyowafundisha vijana wake wote.

"Nzito," alisema, macho chini. "Niliiweka mimi, shangazi."

Hapo ndipo mkunga aliposimama na kuiachia ndoano.

Wakaimwaga ile nzito, wakatia nyepesi iliyonunuliwa dukani, wakaupanda mlima wawili tu, shangazi kwenye usukani. Pale gari lilipozoea kukata pumzi, safari hii lilivuta, likapanda bila kubadilishwa gia mpaka juu.

"Kumbe ilikuwa nzima," fundi alisema.

"Hata wewe ulikuwa mzima."

Waliporudi, walikuta mkokoteni umesimama mlangoni na ile injini ya zamani juu yake, wabebaji wanafuta jasho, wanauliza waishushe wapi. Fundi aliteremka, akaitazama mara moja tu.

"Irudi ilikotoka," akasema.